Shangazi wa Ua wa Kati na Majani Yasiyo Nyasi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Shangazi atakabidhi funguo mbili za stoo ya bustani, jembe moja, reki moja, toroli moja lenye gurudumu linalolia, na kopo la bati la kumwagilia maji ambalo kwa mujibu wa daftari la vifaa liliharibika miaka kumi na miwili iliyopita. Hapo atakuwa amelitumikia jengo hili kwa miaka thelathini na moja na miezi minne, chini ya wakurugenzi watano, bila kupandishwa cheo hata mara moja na bila kuonekana kukerwa na jambo hilo.

Mhariri wa jarida letu aliniomba ukurasa mmoja. Aliniomba mimi, karani wa masjala, kwa sababu dirisha langu linatazama ua wa kati, na kwa hiyo inaaminika kwamba nimekuwa nikimwona mstaafu wetu akifanya kazi kila siku. Ni kweli, nilikuwa nikimwona. Kama nilikuwa naangalia ni swali jingine, na wasomaji watanivumilia mpaka nilifikie. Ukurasa mmoja hautatosha, na mhariri ameshaambiwa.

Jina lake kamili lipo kwenye faili, na faili ninalo mimi, lakini hakuna anayelitumia. Mkurugenzi wa kwanza alisema anafanana na dada wa baba yake, akaanza kumwita shangazi, na kwa kuwa alikuwa akimwogopa sana huyo dada wa baba yake, hakuwahi kumpa mfanyakazi huyu amri yoyote ya moja kwa moja. Jina likabaki. Hata Mkurugenzi wa sasa, anayefanya kazi kwa mkataba na anayemzidi umri kwa miaka miwili, humwamkia "Shikamoo Shangazi" kisha huona haya.

Ofisi yetu, kama sote tunavyojisifu, hupima ardhi na kuchora ramani. Hatujawahi kushindwa na mlima wala kinamasi. Kilichotushinda kwa zaidi ya miaka ishirini ni kipande cha ardhi kilicho kati ya Jengo A na Jengo B, hatua thelathini kwa kumi na nne, ambacho tunakipita kila tukienda chooni. Jengo A lina ghorofa nne, Jengo B lina tano, na katikati yao imesimama miti miwili mikubwa iliyokuwepo kabla yetu. Jua huingia humo kwa dakika kumi na moja, karibu na adhuhuri, tena miezi fulani tu. Hapo sijatia chumvi. Dakika hizo zilipimwa na mpimaji mmoja aliyekuwa amekosa safari ya kikazi.

Shangazi aliajiriwa kama mfagizi. Siku hizo, katika jengo hili, ardhi safi ilikuwa ardhi tupu. Kila asubuhi kabla ya saa moja na nusu ua wa kati ulifagiwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana, na msimamizi wa usafi, ambaye sote tunamwita Mama Usafi, alipita kukagua akiwa ameshika viatu mkononi ili asiiharibu. Kwa bidii hiyo tuliufagia, kidogo kidogo, udongo wote wa juu. Ikabaki ardhi ngumu inayong'aa, na mizizi ya ile miti ikatokeza nje kama magoti. Mvua ikinyesha, matope yaliingia masjala bila kupiga hodi. Yapo mafaili ambayo hadi leo yana mstari wa rangi ya udongo kwa chini, na tukiulizwa tunasema ni ya zamani.

Kila mkurugenzi mpya aliutazama ua huo siku ya kwanza, akatikisa kichwa, akatamka neno "nyasi". Wa kwanza alileta nyasi zilizokatwa kama mikeka, zikatandikwa siku moja kabla ya mgeni rasmi kufika. Mgeni rasmi alizisifu. Baada ya wiki tano zilikuwa za rangi ya mabaki ya chai. Wa pili alileta mbegu, na mbegu zikafurahiwa sana na ndege. Wa tatu alileta nyasi alizoziita za kisasa, zikaja na karatasi ya maelezo ambayo hakuna aliyeisoma, na ambayo mimi niliifungulia faili. Sentensi yake ya kwanza ilisema nyasi hizo zinahitaji jua saa sita kwa siku. Nyasi zetu zilipandwa kwa hotuba na kufa bila hotuba, na kila zilipokufa aliulizwa Shangazi, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshahamishiwa bustani kwa sababu mtunza bustani wa zamani aliomba uhamisho.

Mwaka wa tano wa utumishi wa Shangazi, Mchoraji Mkuu wa wakati ule alistaafu, akaacha nyuma ya kabati la ramani chungu kilichopasuka. Ndani yake kulikuwa na mmea ambao kila mtu aliudhani ni nyasi zilizosahaulika: majani membamba, ya kijani kizito kinachokaribia weusi, yameinama pande zote. Shangazi aliambiwa akitupe. Akakigeuza geuza, akauliza nani alikuwa anaumwagilia. Wachoraji wengine walikiri kuwa walikuwa wakimimina humo masalio ya chai. Akauliza kama uliwahi kupelekwa dirishani. Haukuwahi. Akasema, "Basi huyu ndiye mwenzetu," akaondoka nacho.

Shina moja aliligawa likawa mashina tisa. Waliowahi kumwuliza namna ya kuyapanda, na hawakuwa wengi, watakumbuka kuwa hakuwa mchoyo wa maelezo. Kisu hakihitajiki. Unaosha udongo, unaachanisha mizizi kwa vidole, na kila kipande unakiachia majani matatu manne na mizizi yake. Unakipanda ili pale jani linapokutana na mzizi pawe sawasawa na uso wa ardhi. Ukikizamisha kitaoza, ukikiinua kitakauka. Kati ya kimoja na kingine, vidole vinne. Chini weka mboji, juu tandaza majani makavu. Maji kila asubuhi kwa miezi mitatu, kisha umwache aishi maisha yake. Halafu unangoja, na hapo ndipo wengi wetu tungeanguka mtihani.

Alingoja mwaka na nusu ndipo akagawa tena. Tisa yakawa arobaini. Mwaka mwingine na nusu, arobaini yakawa mia na kitu. Bandu bandu huisha gogo, wanasema, lakini yeye hakuwa anamaliza kitu, alikuwa anaanzisha, na kuanzisha kwa mwendo huo hakuandikiki kwenye taarifa ya robo mwaka. Kwa miaka mingi ukitazama kutoka dirishani kwangu uliona mwanamke amepiga magoti kando ya ukuta, na siku ya pili ukimwona yuko vidole vinne mbele.

Tatizo lilikuwa mboji. Udongo tulikuwa tumeshaufagia, kwa hiyo ilibidi autengeneze mwingine, na malighafi ilikuwa majani yaliyoanguka ambayo Mama Usafi alitaka yachomwe. Shangazi akawa anayaficha kwenye magunia nyuma ya jenereta, anayalowanisha, anayaacha yaoze. Mama Usafi aliyagundua kwa pua. Iliandikwa barua kwa afisa utumishi, yenye maneno "hujuma" na "funza". Ilijibiwa kwa barua. Niliziweka zote mbili katika faili moja, jambo ambalo lilihesabiwa kuwa upendeleo na pande zote mbili. Vita hiyo ilidumu misimu mitatu ya mvua. Msimu wa nne matope hayakuingia kwenye korido, na Mama Usafi, baada ya kukagua sakafu mara mbili kutafuta kasoro, alikwenda nyuma ya jenereta akiwa amebeba gunia lake mwenyewe. Tangu siku hiyo wawili hao hunywa chai pamoja na kutusengenya sisi wa masjala.

Siwezi kuacha kutaja suala la nyoka. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na tangu majani yalipofunika nusu ya ua ilisemwa kuwa ndani yake mna nyoka. Dereva mkuu alimwona mkia. Mhasibu aliona kitu kikipita. Watu wakaanza kwenda chooni kwa kuzungukia getini. Kikao cha dharura kiliitwa, mlinzi akaja na rungu, tukasimama juu ya viti vya korido tukimtia moyo. Nyoka alipigwa mapigo saba kabla ya kuanza kutoa maji. Muhtasari wa kikao hicho ninao, nao unasema, kwa saini ya mwenyekiti, kwamba nyoka amethibitishwa kuwa mpira. Shangazi aliuunga ule mpira kwa kamba ya viatu na akaendelea kumwagilia.

Hapa nafika kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Kila robo mwaka mimi huandika taarifa ya mazingira ya ofisi. Fomu ina safu mbili: lengo na utekelezaji. Chini ya lengo, tangu enzi za mkurugenzi wa kwanza, imeandikwa kwa chapa: kuotesha nyasi ua wa kati. Miaka mingi niliandika upande wa pili kwamba juhudi zinaendelea. Kisha siku moja, miaka kumi na minne iliyopita, niliinua macho, nikaona nje ni kijani kitupu kutoka ukuta hadi ukuta, nikaandika: nyasi zimeota vizuri. Mkurugenzi wa wakati huo alifurahi mpaka akaniita ofisini kunipa mkono.

Shangazi alisikia. Alikuja dirishani kwangu na jani moja kati ya vidole, akanionyesha kwamba halina fundo wala ala kama la nyasi, na akanivunjia kishina chenye vitunda vya buluu vilivyojificha chini, vidogo kama shanga. "Mwanangu, umeona nyasi gani inazaa hivi?" aliuliza. Nilimwambia, na nakumbuka vizuri nilivyosema kwa sauti ya upole ya mtu mwenye mamlaka, kwamba kwenye fomu hakuna nafasi ya kitu kingine. Akacheka. Akarudi kazini. Mimi nikaendelea kuandika nyasi.

Asiyekuwapo na lake halipo. Miaka kumi iliyopita ramani ya kiwanja chetu ilihuishwa, na hapa nataka vizazi vijavyo vijue namna ofisi ya wapimaji inavyopima nyumbani kwake. Walimaliza uzio, majengo na kisima kwa siku mbili. Ua wa kati ulikuwa hatua sita kutoka mezani kwao. Badala ya kutoka, waliniandikia dokezo kuniuliza pale pana nini. Nilifungua faili, nikasoma maandishi yangu mwenyewe, nikajibu kwa dokezo: nyasi. Wakachora vialama vya nyasi. Kuanzia hapo kila mwaka niliiona ramani ile ukutani, nikaona inakubaliana na taarifa zangu, nikaamini zaidi.

Mwaka uliofuata tulishinda shindano la ofisi zenye nyasi bora. Waamuzi walikuja watatu, wakatembea kwenye kingo, wakashangaa jinsi nyasi zetu zilivyo nzito mahali pasipo na jua, wakaandika hivyo. Chanda chema huvikwa pete, ila safari hii pete ilikwenda kwenye kidole cha jirani: cheti kilipokewa na Mkurugenzi, hotuba ikasomwa na mwenyekiti wa kamati ya bustani, ambaye hakuwahi kuliona jembe la ofisi, na Shangazi akapewa fulana yenye picha ya mashine ya kukatia nyasi. Alikuwa akiivaa siku za kugawa mashina, kwa sababu alisema inachafuka bila kumuumiza moyo.

Mwezi uliopita, kwa kuwa Shangazi anastaafu na nafasi yake haitajazwa, uongozi ulitia saini mkataba na kampuni ya kutunza bustani. Ni kampuni makini. Walisoma kila karatasi tuliyowapa. Mkataba unasema watafyeka, kila baada ya wiki mbili na kwa kimo cha sentimita tatu, maeneo yote yanayoonyeshwa kuwa ni nyasi katika ramani ya kiwanja. Kazi inaanza Jumatatu ya kwanza baada ya Shangazi kuondoka. Ili kutuonyesha ubora wa mashine, walifyeka kipande cha mfano kando ya korido, urefu wa hatua nne, na sisi tuliokuwa tukipita tuliwapigia makofi.

Mmea ule hukua kutokea kwenye shina lililo sawasawa na ardhi. Nyasi ukizikata zinachipua. Huu ukiukata hapo umeukata shingo. Siku ya sita kipande kile kilikuwa cha kahawia. Nilimwona Shangazi, na safari hii nilikuwa naangalia, amepiga magoti pale na gunia la mboji, anafukia kidogo kidogo kila shina ambalo bado lilikuwa na uhai. Hakumlalamikia mtu. Alipomaliza alikuja masjala. Hakukaa. Alisema, "Mwanangu, wale watu wa mashine ni waungwana. Nimewaeleza, wakanionyesha karatasi. Karatasi yao inasema nyasi. Nani aliwaambia?"

 Aliyewaambia ni mimi, mara hamsini na sita, kwa nakala tatu.

Naandika haya kwenye jarida la wafanyakazi wote kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa sababu aibu niliyoipata dakika ile sijawahi kuipata katika miaka ishirini na miwili ya kazi. Yule mama alikuwa ametumia miaka ishirini na sita kuvika nguo ardhi tuliyoivua sisi. Anakwenda kuishi kwa binti yake, muuguzi, kwenye nyumba nzuri ambayo ua wake wote umepigwa saruji. Hana mahali pengine pa kuhamishia kazi yake. Na ingefyekwa yote ndani ya asubuhi moja, kwa kuwa karani aliona uvivu kuongeza safu ya tatu kwenye fomu.

Nilimwandikia Mkurugenzi dokezo la kurasa mbili. Aliniita, akalisoma mbele yangu, akainua macho kwenye cheti kilichotundikwa nyuma ya kiti nilichokalia. Aliniuliza kama namaanisha kuwa taarifa hamsini na sita si sahihi, ramani si sahihi, na tulishinda shindano la nyasi bila kuwa na nyasi. Nilisema ndiyo, Mkurugenzi. Kisha akasema ni suala zito, linahitaji kamati, na kamati itakaa tarehe kumi na nne mwezi ujao. Kufikia tarehe hiyo mashine ingekuwa imeshapita, na kamati ingekuta kweli hapana nyasi.

Kwa hiyo nilishuka ghorofa moja kwa Mpimaji Mkuu, mtu ambaye hajawahi kumwamini karani yeyote, na ambaye kwa mara ya kwanza nilikwenda kumwambia kuwa yuko sahihi. Nilimweleza kila kitu. Kilichomuuma hakikuwa majani, kilikuwa ramani. Alikwenda dirishani akatazama nje. "Tulikuuliza wewe?" alisema. "Yaani sisi, na vyombo vyote hivi, tulikuuliza wewe?" Nilithibitisha. Akanikumbusha kanuni ambayo nilikuwa nimeifungulia faili mwenyewe na kuisahau: ramani hurekebishwa kwa vipimo, haingoji kikao, na ikisharekebishwa na kupigwa muhuri, kila mkataba unaoitaja unaifuata ilivyo.

Alhamisi iliyopita, baada ya chakula cha mchana, idara nzima ya upimaji ilitoka na kwenda kupima ua wa kati. Walisimamisha kile chombo cha miguu mitatu chini ya mti, wakatandaza tepu, wakapigiana kelele za namba kana kwamba wako mpakani. Wafanyakazi walijaa madirishani ghorofa zote tisa. Katikati yao alisimama Shangazi na reki yake, anawaonyesha pa kuweka mguu. Watu wenye shahada walikuwa wanaruka kwa kidole kimoja cha mguu huku akiwaambia, "Hapo hapana! Baba, hapo hapana, umemkanyaga!" Mama Usafi alikuwa amesimama kwenye korido na magunia matatu ya majani makavu, akitangaza kwa yeyote aliyetaka kusikia kwamba kuanzia siku Shangazi atakapoondoka magunia hayo ni jukumu lake, na atakayeyachoma atamjua yeye ni nani.

Mita za mraba mia mbili na kumi na nane. Naziandika kwa maneno ili zisije zikakosewa na karani. Zote zilitoka kwenye chungu kimoja kilichopasuka. Mchoraji Mkuu wa sasa aliichora ramani upya siku ileile, na kwenye ufunguo wake, palipokuwa na kialama cha nyasi, sasa pana kialama kipya, na mbele yake maneno: mmea wa kivulini, haufyekwi. Kipande cha hatua nne kando ya korido kimechorwa peke yake. Wapimaji walitaka kukiandika "eneo wazi". Niliomba kiandikwe "kilifyekwa kwa makosa ya masjala", na Mpimaji Mkuu alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Shangazi anasema kitachukua mwaka na nusu kufunga. Nakala ya ramani imepelekwa kwa kampuni, nao, kwa kuwa husoma kila karatasi, wamejibu kuwa wameelewa. Mkurugenzi ametia saini. Cheti bado kiko ukutani, maana kukishusha kunahitaji kamati.

Kanuni zetu zinataka ramani isainiwe pia na mtu aliyeonyesha mipaka. Kesho yake, Ijumaa asubuhi, tulikusanyika chumba cha wachoraji, mpiga picha wa jarida akiwa tayari, kwa sababu ilidhaniwa kuwa mstaafu wetu angetokwa na machozi. Alikuja na ovaroli yake, akapangusa mikono, akavaa miwani. Alipitisha kidole juu ya mstari mzima, polepole, ukuta hadi ukuta. Kisha kidole kikasimama kwenye kona ya mfereji. Akasema, "Hapa mmekosea."

Mpimaji Mkuu hajawahi kusahihishwa na mtu yeyote mbele ya watu. Alishuka naye hadi uani na sisi sote tukawafuata, mchoraji akiwa ameibeba ramani. Kando ya mfereji, vidole vinne nje ya mstari wao, yalikuwa yamechomoza majani matatu, membamba, ya kijani kibichi bado, yametokea chini ya ardhi kwa kufuata mzizi wa mmea. Shangazi alisema juzi hayakuwepo. Mpimaji Mkuu akageuka kuwaita watu wake walete chombo wapime upya. Shangazi akamzuia. Alisema wasijisumbue, mwakani ramani itakuwa imekosea tena, na mwaka unaofuata vilevile, hayo majani hayangoji mtu. Kwa hiyo waje tu wapime kila mwaka. Mpimaji Mkuu alimwuliza ni nani atakayewaonyesha mipaka mwakani.

"Mtaiona wenyewe," alisema Shangazi. "Ila sharti mtoke nje." Kisha akaweka saini yake juu ya mgongo wa mchoraji, kwa kukosa meza, na aliyetokwa na machozi alikuwa mpiga picha, ndiyo maana toleo hili halina picha.

Shangazi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Jengo A na Jengo B, ahsante kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Kwa niaba yangu mwenyewe, samahani. Ukae salama kwa binti yako, afya isikupungukie, na mikono yako ipumzike kadiri itakavyokubali. Tarehe ya kupima mwakani imeshaandikwa kwenye kalenda ya idara, na jina la karani wa masjala limo kwenye orodha ya watakaotoka.